Nilipoambiwa nijikaze

Kanga ilikuwa nyekundu, ya korosho, mpya kiasi kwamba bado ilikuwa ngumu mkononi. Niliikunja mara mbili, nikaikunja tena, nikaiweka ndani ya beseni lake pamoja na kandambili, chupa ya chai na kopo la mafuta ya mgando. Nguo za mtoto nilizitoa pembeni, kwa sababu mtoto alikuwa hai na alikuwa analia chumba cha pili. Kisha nikalibeba lile beseni mpaka nje, chini ya mwarobaini, nikamkabidhi mama mkwe wake. Alilipokea kwa mikono miwili. Akaniambia, "Ahsante, sista."

Kila kanga ina jina lake, na mimi nimelelewa Muheza na mama ambaye hanunui doti kabla hajalisoma jina kwa sauti. Lakini jina la kanga ile silikumbuki. Nimejaribu usiku mwingi. Rangi naikumbuka, korosho nazikumbuka, pindo nalikumbuka, maandishi hayaji.

Mimi ni muuguzi mkunga katika hospitali moja ya wilaya. Yule mama alitokwa na damu baada ya kujifungua. Tulimchoma oksitosini ya kuzuia damu, tukamkanda mfuko wa uzazi, tukamwekea dripu mikono yote miwili, mwenzangu akakimbia maabara. Damu ya kundi lake ilikuwepo chupa moja tu. Kutokwa na damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kwa kuua wazazi duniani, na kunaweza kummaliza mtu mwenye afya yake ndani ya saa mbili. Yeye hakuzifikisha hizo saa mbili.

Niliporudi ndani nilishika ukingo wa sinki nikashindwa kuuachia. Dada mmoja wa zamu, mkubwa kwangu kwa umri na kwa kazi, alinigusa bega. "Jikaze, mdogo wangu. Kitanda cha tatu njia imefunguka sentimita nane." Nikajikaza. Nilizalisha wawili kabla ya kukabidhi zamu, wote salama, na katika kitabu cha makabidhiano mwandiko wangu wa siku ile ni mzuri kuliko wa siku zote.

Simlaumu yule dada. Kwa saa ile alisema kweli. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza tangu mwaka 1915 jinsi mwili unavyojiweka tayari mbele ya hatari: moyo unaenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli, tumbo linasimamisha kazi yake. Sisi wa wodi ya wazazi tunaishi kwa huo mwili. Ndio unaotufanya tupate mshipa wa mkono uliopoa kwa jaribio la kwanza. Msongo si adui kwa asili yake. Ila mwili uliokaza unatakiwa kulegea baadaye, na neno "jikaze" nililopewa halikuja na saa ya kuacha. Nilitoka nalo getini, nikapanda nalo daladala, nikaingia nalo nyumbani, nikalala nalo. Lilikaa kwangu miezi saba.

Kitu kinachoniuma hadi leo ni kwamba katika miezi ile saba nilisifiwa. Nilichukua zamu za wenzangu. Aliyekuwa na harusi aliniita mimi, aliyekuwa na mgonjwa aliniita mimi. Nilikuwa sikai. Nikimaliza kupanga dawa napanga faili, nikimaliza faili nafuta meza ambayo imeshafutwa. Ningekuwa nakunywa pombe wangeniitia kikao, lakini kwa kuwa nilikuwa nakunywa kazi waliniombea kwa Mungu aniongezee nguvu. Na kazi ile ilikuwa ulevi hasa. Nilijua hivyo siku za mapumziko, kwa sababu ikifika saa nne asubuhi mikono inaanza kutetemeka kwa kukosa cha kushika, na lile beseni linarudi.

Usiku nilikuwa na simu. Nilikuwa naangalia video za watu wanaopika, wanaogombana, wanaofungua mizigo, mpaka saa nane za usiku, na kesho yake sikumbuki hata moja. Simu ilipoacha kutosha nikahamia kwenye vile vidonge vidogo vya njano vya mafua na mzio. Watu wengi wa kwetu wanavijua kwa kazi ya kuleta usingizi. Nilianza na kimoja. Mimi ninayewafundisha wajawazito wasimeze dawa ovyo, nilikuwa nameza viwili, halafu vitatu, ili nisinzie, na asubuhi naamka kichwa kimejaa pamba.

Tumbo nalo likaanza. Nilipimwa vidonda vya tumbo mara mbili, havikuonekana. Daktari kijana aliniuliza kama nina mawazo. Nikamjibu sina.

Halafu mwanangu akamwaga uji. Ana miaka sita, kikombe kilimponyoka tu, uji ukasambaa kwenye zulia, na mimi nikapiga kelele ambayo sikuwahi kujua kwamba ninayo. Niliendelea kwa muda mrefu. Alipokimbilia nyuma ya kochi bado nilikuwa nasema. Watu husema bora kuitoa hasira kuliko kukaa nayo, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiamini hivyo. Mtafiti wa Marekani, Brad Bushman, alilijaribu jambo hilo na kulichapisha mwaka 2002: waliochokozwa, kisha wakapiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi, walikuwa na hasira zaidi kuliko walioachwa wamekaa kimya. Sikuhitaji utafiti siku ile. Nilipomaliza kupiga kelele sikuwa nimepungukiwa na chochote. Nilikuwa na hasira ileile, na juu yake nina mtoto anayenitazama kutoka nyuma ya kochi.

Hapa lazima nimlete mdogo wangu, kwa sababu ni yeye aliyenifundisha kuziona hizi njia za kuukimbia msongo kwa majina yake halisi.

Yeye ni bodaboda, Morogoro mjini. Alichukua pikipiki kwa mkataba, ile ya kupeleka hesabu kila siku kwa mwaka mzima kisha chombo kinakuwa chako. Mwezi wa kumi ikaibiwa. Alikuwa ameingia dukani kununua maji ya kunywa. Miezi kumi ya jua na mvua, ikaondoka kwa muda wa kunywa maji. Hakumwambia mtu. Aliazima pikipiki ya mwenzake, akawa anavaa koti lake kila asubuhi, anatoka, na mke wake anajua mambo yako sawa. Akaanza kubeti. Mikeka ya elfu moja, ya elfu tano, halafu anazima simu akiliwa. Pombe nayo ikaja. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini mwenye kiu ya kusahau hakosi chupa.

Nilipogundua nilimfokea kama yule mtoto wa uji. Nikamwambia anapoteza akili. Akanijibu taratibu, macho chini: "Dada, siyo akili. Nikishaweka mkeka, mpaka mechi iishe, sijaibiwa. Dakika tisini sijaibiwa."

Nilikaa na sentensi ile siku nyingi. Sisi tunaowashauri watu tumezoea kuhesabu madhara, na madhara ni ya kweli. Pombe, kwa mfano, inakulaza haraka kisha inakuvunjia nusu ya pili ya usiku, ukaamka umechoka na huzuni imekaa kitandani inakusubiri. Lakini tusipokubali kwamba njia hizi zinafanya kazi, hatutamwelewa hata mtu mmoja anayezitumia. Zinafanya kazi. Zinafanya kazi haraka, usiku uleule, bila maswali. Ni mkopo wa kausha damu. Hakuna anayechukua kausha damu kwa ujinga. Anachukua kwa sababu mtoto amerudishwa ada leo, na benki inataka barua ya serikali ya mtaa na picha mbili. Unapewa hela saa tatu asubuhi, unapumua, na wiki ijayo wanakuja kubeba godoro. Mdogo wangu alikopa dakika tisini. Mimi nilikopa kwa zamu za watu, kwa simu, kwa vidonge vya njano. Tofauti yetu ni kwamba wa kwangu walinipigia makofi.

Tangu hapo nimeacha kuzipanga njia katika mafungu mawili, nzuri huku na mbaya kule. Najiuliza kesho asubuhi jambo lenyewe litakuwa limepungua, limebaki palepale, au limezaa. Kuna siku tamthilia ya saa moja inanipumzisha kweli, na kuna siku kufagia ua ni kukimbia. Hata sala. Mimi ni Mwislamu, na swala ya alfajiri imenibeba mahali ambapo hakuna mtu angeweza kunibeba. Lakini nimeona pia "tumwachie Mungu" ikitumika kama kitambaa cha kumziba mtu mdomo kabla hajamaliza kusema. Mtume alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, watu wakimwona. Mama yangu hunikumbusha hilo kila nikimpigia simu na sauti yangu ikiwa kavu.

Aliyenifungua mimi hakuwa mtaalamu wa kliniki. Ni jirani yangu, mkunga mstaafu, mtaani tunamwita Mama Mkunga. Jioni moja nilipita nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo ukae."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuniuliza nina nini. Alinisogezea ungo wa pili mapajani, tukachambua kimya, chuya huku, mawe huku. Ungo ulipofika nusu akauliza, bila kuniangalia, "Ile zamu uliingia saa ngapi?"

Alishasikia, bila shaka, maana wakunga wanasikia. Nikamjibu niliingia saa nane mchana. "Nani alikukabidhi?" Nikamtaja. "Yeye ulimkuta amelala upande gani?" Upande wa kushoto, nikasema, ameuelekea ukuta. Basi ikawa hivyo, swali dogo baada ya swali dogo, kwa mpangilio wa zamu. Nilizungumza na mchele. Nilipofika kwenye damu hakusema pole, aliuliza ilikuwa saa ngapi na mimi nilikuwa nimesimama wapi. Nilipofika kwenye kanga nikashindwa, na nililia kilio kile cha msibani, cha sauti, mpaka binti yake akatoka ndani. Mama Mkunga alimfanyia ishara arudi. Akangoja. Nilipotulia akasema, "Bado hujamaliza. Ulipotoka pale chini ya mti ulienda wapi?"

Nikamwambia juu ya sinki. Juu ya neno lile. Juu ya kitanda cha tatu. Alinipeleka mpaka nilipokabidhi zamu, mpaka nikafika nyumbani, mpaka nikavua viatu. Ndipo aliposema zamu imekwisha.

Sitaki mtu asome hapa akadhani dawa ni kumbana kila aliyepatwa na jambo azungumze papo hapo. Kulikuwa na desturi ya kuwakalisha watu mara tu baada ya ajali na kuwataka wasimulie yote kwa mkupuo mmoja. Tafiti zilipokusanywa zikaonyesha haizuii majeraha ya akili, na wengine inawaongezea. Mama Mkunga hakunikimbilia siku ya kwanza. Alingoja nipite mwenyewe mlangoni kwake. Aliipa mikono yangu kazi. Na nadhani lililonisaidia kuliko yote ni kwamba alinipeleka hadi mwisho wa habari, wakati kichwa changu kilikuwa kimekwama katikati, kila usiku kinaanzia kwenye beseni na kuishia kwenye beseni.

Baadaye nilisoma kwamba wenzetu wa Zimbabwe wameijenga hekima hiyo ikawa huduma. Mwaka 2006 daktari wa afya ya akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Wanakaa na mtu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wanamsikiliza, wanamwomba ataje matatizo yake yote, kisha achague moja, na atafute hatua moja anayoiweza. Kwa Kishona wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Niliposoma hivyo nilicheka kwa furaha, maana hata sisi hatusemi fulani ana sonona, tunasema ana mawazo. Yule daktari kijana aliniuliza swali sahihi kabisa kwa lugha yetu, na mimi nikamdanganya. Mabenchi hayo yamefika mpaka Zanzibar.

Na Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, mahali palipoumizwa sana na UKIMWI, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwakutanisha watu katika vikundi vijijini, wanawake kwao na wanaume kwao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa hapohapo waliofundishwa. Walizungumza juu ya vifo, ugomvi wa nyumbani, maisha yaliyobadilika. Mwanzoni asilimia 86 ya waliokuwa kwenye vikundi walikuwa na sonona. Mwishoni ilibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupewa vikundi ilitoka 94 ikabaki 54.7. Nimeangalia takwimu hizo nikawaza vikoba vyetu, vyama vya kuzikana, jamvi la matanga. Tuna mahali pa kukaa tayari. Tunachofanya ni kuchangishana hela, tunaandika majina, tunafunga kikao kwa sala, na kila mtu anaondoka na donge lake kooni.

Kuna jambo ninataka kulisema kwa nguvu, kwa sababu semina za msongo kazini zinalikwepa. Kupumua kwa kina hakuleti damu benki. Wataalamu wawili, Lazarus na Folkman, waliandika mwaka 1984 kwamba kukabiliana na msongo kuna pande mbili: kulishughulikia tatizo, na kuishughulikia hisia. Ukimfundisha muuguzi upande wa pili tu, huku chupa ya damu ni moja, umemwongezea mzigo, kwani sasa hata kuchoka ni kosa lake. Nilipata nafuu ya aina yake siku tulipofundishwa kutumia lile plastiki lenye alama, linalowekwa chini ya mzazi ili kupima damu badala ya kuikadiria kwa macho. Lilijaribiwa pamoja na hatua nyingine kadhaa zinazofanywa kwa mpigo katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba kutokwa na damu kupita kiasi na madhara yake makubwa vilipungua kwa asilimia 60. Niliposhika plastiki lile mkononi nililia tena, lakini siku ile nililala bila kidonge.

Hisia nazo zina haki yao. Kwa hiyo siku hizi sishuki kituo cha nyumbani. Nashuka kimoja kabla, natembea. Kama ilikuwa zamu nzito nakaa kwenye jiwe karibu na bomba la mtaa, navuta pumzi, naitoa polepole, ndefu kuliko nilivyoivuta, mara kumi hivi. Pumzi ya kutoa ikirefuka moyo hupunguza mwendo, hilo unaweza kulihesabu mwenyewe kwenye mshipa wa mkono. Nina daftari kubwa la kaunta, naandika zamu zilizoniumiza tangu kuingia hadi kuvua viatu. Zamu za watu nachukua moja kwa mwezi, na nikikataa nakataa bila kutunga sababu. Mwanangu nilimwomba radhi. Nikimwambia "mama amechoka, si wewe," anaitikia "haya," kisha anakwenda kunileta kandambili zangu.

Kuna hali ambazo mchele na jiwe havitoshi. Kama wiki mbili zimepita huli, hulali, hakuna kinachokupendeza, au umeanza kuona afadhali usingekuwepo, hapo ni hospitali, leo, na umwambie mtu wa kukusindikiza. Hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa kazi hiyo. Najua kinachowazuia wengi ni jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya Dodoma, lililogeuzwa tusi tangu tukiwa shule ya msingi. Nimewahi kuwasindikiza wawili kwenye kliniki ya afya ya akili. Walikaa kwenye foleni kama ya meno, wakaonana na daktari, wakarudi nyumbani na dawa na tarehe ya kurudi.

Mdogo wangu bado. Alimwambia mke wake juu ya pikipiki, mwezi wa tano baada ya wizi. Nilikuwepo. Alisimulia akiangalia kiganja chake, kwa mpangilio, kuanzia alipoamka siku ile. Mke wake alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, maji yale alinunua shilingi ngapi. Wote wawili wakalia. Pombe ameipunguza sana. Mikeka inamrudia, hasa mwisho wa wiki, hasa akiona pikipiki ya rangi ile.

Jumamosi iliyopita alikuja kwangu saa tatu za usiku. Hakukaa. Alitoa simu mfukoni akanipa, ikiwa bado inawaka. "Dada, nishikie hii mpaka asubuhi."

Nikaiweka kabatini, chini ya kanga zangu. Nikamtandikia sebuleni. Nilimsikia akijigeuza mpaka usiku wa manane, halafu nikamsikia akikoroma. Alfajiri nilipoamka kuswali nilimkuta ameketi mlangoni, anafunga kamba za viatu. Nikampa simu yake. Akaitia mfukoni bila kuiwasha, akaniomba maji ya kunawa uso.